Nimeombwa kipande cha utumbo kwa ajili ya ramani ya seli: nisaini?

SWALI: "Mtaalamu, nina miaka 46. Wiki tatu zijazo nitafanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya utumbo mpana. Wameona kinyama kikubwa ambacho hakikuweza kutolewa kwa kamera, na majibu ya kwanza yanasema seli zake zimeanza kubadilika ila bado si saratani. Nilipokwenda kujiandaa nikapewa fomu nyingine, ya utafiti. Wanaomba kipande kitakachobaki, 'sehemu yenye afya iliyo mbali na uvimbe', kiingie kwenye atlasi ya seli za binadamu. Shuleni tulifundishwa seli, tukazichora na kuziandikia majina, sasa ramani ya nini tena? Mdogo wangu amesoma kwamba wanasayansi wameshamaliza ramani ya seli zote za mwili, ananiambia nisubiri, huenda karibuni watatibu bila kukata. Mume wangu anaogopa wataotesha seli zangu au watauza DNA yangu. Mimi naogopa kwamba nikikataa daktari ataniona mbaya. Je, nisaini? Na wakigundua nina ugonjwa mwingine, wataniambia?"

JIBU: Dada yangu, nianze na lile lisilosubiri. Usiahirishe upasuaji kwa sababu ya ramani. Kinyama cha utumbo mpana ambacho seli zake zimeanza kubadilika huchukua muda kugeuka saratani, mara nyingi miaka, lakini hakuna anayeweza kukuambia chako kimefika wapi mpaka kitolewe chote na kuchunguzwa. Ramani ya seli, hata ingekamilika kesho asubuhi, haiondoi kinyama. Mdogo wako anakutakia mema, ila habari aliyoisoma imekimbia mbele ya ukweli.

Fomu ni jambo jingine, nayo inastahili kufikiriwa kwa utulivu. Hofu ya mumeo ina msingi kuliko anavyodhani mwenyewe, ingawa si kwa sababu anayoitaja. Hofu yako kuhusu daktari haina msingi, au niseme haitakiwi kuwa nao. Ili uamue ukiwa unaona mbele, lazima kwanza ujue kipande hicho kinakwenda kufanywa nini.

Tuanze na mchoro wa shuleni. Ile seli ya duara yenye kiini katikati ni mchoro wa kufundishia tu. Haiishi mwilini mwa mtu yeyote. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini kabisa. Uzi mmoja wa msuli una viini mamia. Seli ya neva inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mguuni hufikia urefu wa karibu mita moja, na bado ni nyembamba mno kuonekana kwa macho. Kwenye ukuta wa utumbo wako mpana kuna seli za kufyonza maji, za kutengeneza ute, za kutoa homoni, kuna seli-mama zilizokaa chini kabisa ya vishimo vidogo zikizaa nyingine kila siku, na pembeni yake seli za kinga za kila namna. Tangu mwaka 1665, Robert Hooke alipotazama kipande cha gome kwa hadubini na kuvipa vyumba vidogo alivyoviona jina lililozaa neno letu "seli", wataalamu wamezitofautisha kwa sura: umbo, mahali zilipo, na jinsi zinavyoshika rangi. Kwa njia hiyo vitabu vikafikisha aina kama 200 hivi. Ilikuwa kazi kubwa na ya kuheshimiwa. Shida yake ni kwamba seli mbili zinaweza kufanana kama mapacha chini ya hadubini, kumbe kila moja ina kazi yake.

Tofauti hiyo iliyojificha imekaa wapi? Karibu kila seli yenye kiini ndani yako imebeba DNA ile ile, yenye takriban jeni 20,000 za kutengenezea protini. Naomba ufikirie kamusi. Mshonaji na seremala wanaweza kuwa na kamusi moja nyumbani, yenye maneno yote. Ukiikagua kamusi hutajua nani ni nani. Lakini kaa nao dakika tano, usikilize: huyu anataja pindo, uzi na kipimo cha kiuno, yule anataja randa, msumeno na gundi. Huna haja ya kuuliza kazi zao. DNA ndiyo kamusi. Maneno yanayotamkwa ni RNA, yaani nakala fupi fupi ambazo seli huzitoa kwenye zile jeni inazozitumia kwa wakati huo. Ramani ya seli hutengenezwa kwa kusikiliza maneno hayo, seli baada ya seli.

Zamani tulikuwa tunasikiliza umati. Kipande cha tishu kilisagwa chote, RNA ikachanganyika, tukapata wastani wa wote. Unasikia mvumo, humsikii mtu. Seli adimu, ile moja kati ya mia, ilipotelea humo humo. Mwaka 2009 ndipo watafiti walipotangaza kusoma RNA ya seli moja pekee kwa mashine za kisasa za kusoma mfuatano wa herufi za DNA, tena kwa kuishughulikia seli hiyo kwa mkono. Mwaka 2015 ikaja mbinu ya vitone, na hapo mambo yakabadilika.

Mbinu hii naieleza kila ninapopata nafasi, kwa sababu inanifurahisha hadi leo. Tishu hulowekwa kwenye vimeng'enya vinavyolegeza kile kinachozishikanisha seli, mpaka zielee moja moja. Halafu hupitishwa kwenye kijifereji chembamba kama unywele, zikakutana na maji yaliyobeba shanga ndogo mno, kisha na mafuta. Maji na mafuta havichangamani, kwa hiyo mtiririko hukatika vitone vitone, nao umepimwa ili kitone kinachopata seli kipate moja tu, pamoja na ushanga mmoja. Kila ushanga umefunikwa na mamilioni ya vipande vifupi vya DNA, vyote vikiwa na alama moja ambayo ushanga wa jirani hauna. Ndani ya kitone seli hupasuka, RNA yake hunasa kwenye ushanga, na inaponakiliwa kuwa DNA huibeba ile alama. Sasa vitone vyote vinaweza kuvunjwa, vikachanganywa, vikasomwa kwa mkupuo mmoja. Kompyuta ndiyo huzitenga baadaye: maneno yote yenye alama hii yalitamkwa na seli hii. Kwa jaribio moja unasikiliza maelfu ya seli, kila moja kwa sauti yake.

Shika neno moja hapo: seli hupasuka. Hofu ya mumeo kuhusu kuotesha inajibiwa kwa sehemu kubwa na neno hilo. Seli inayosomwa kwa ajili ya atlasi huishia hapo hapo. Haigawanyiki, haikui, haihifadhiwi ikiwa hai. Nimesema "kwa sehemu kubwa" na nitalirudia jambo hilo chini.

Nisikufiche kasoro za mbinu yenyewe. RNA inayonaswa ni sehemu tu ya ile iliyokuwemo. Vitone vingine humeza seli mbili, na kompyuta ikidanganyika hutangaza aina mpya ambayo haipo. Seli kubwa au dhaifu, kama za mafuta na nyuzi za misuli, hazivumilii kutenganishwa, hivyo mara nyingi husomwa viini vyake peke yake. Tena seli ikishatolewa mahali pake hubadili maneno yake haraka, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ndiyo maana siku ya upasuaji huenda mtu wa maabara akawa anasubiri mlangoni na barafu. Na kubwa kuliko yote, ukizitawanya seli unajua zinasema nini lakini hujui zilikuwa zimekaa na nani. Kwa hilo kuna mbinu nyingine, ambayo kipande cha tishu hukatwa chembamba sana na RNA kusomwa pale pale ilipo. Atlasi inahitaji zote mbili. Orodha ya wakazi bila mitaa yao haijawa ramani.

Sasa niseme juu ya habari ya mdogo wako. Mradi wenyewe unaitwa Human Cell Atlas, yaani Atlasi ya Seli za Binadamu. Ulianza kwa mkutano uliofanyika London mwezi Oktoba 2016, ukiongozwa na Aviv Regev, wakati huo akiwa Taasisi ya Broad nchini Marekani, na Sarah Teichmann, wakati huo akiwa Taasisi ya Wellcome Sanger nchini Uingereza. Kufikia Novemba 2024 ulikuwa na wanachama zaidi ya 3,600 katika nchi zaidi ya 100, wamegawanyika katika mitandao 18 inayoshughulikia viungo na mifumo tofauti: mapafu, moyo, utumbo, ngozi, kinga na kadhalika. Mwezi huo walitoa kwa pamoja makala zaidi ya 40 za kisayansi, na magazeti duniani kote yakaandika kuhusu ramani ya mwili. Nadhani ndiyo aliyoisoma. Lakini wenyewe waliita hatua hiyo njia ya kuelekea rasimu ya kwanza. Rasimu, tena ya kwanza.

Nawe pima mwenyewe. Walikuwa wamesoma seli zaidi ya milioni 100 kutoka kwa watu zaidi ya 10,000. Mwili wa mwanamume mzima unakadiriwa kuwa na seli trilioni 36. Gawanya: ni kama seli moja iliyosomwa kwa kila 360,000 za mwili mmoja, na zimetoka kwa watu maelfu. Hakuna aliyehesabu seli zote za mtu yeyote, wala hakuna anayekusudia. (Hata hiyo trilioni inapotosha kidogo, kwa sababu nyingi kati yake ni seli nyekundu za damu, ambazo zinafanana.) Kinachotafutwa ni aina: zipo ngapi, zinakaa wapi, zinasema nini, zinabadilikaje mtu akikua na akizeeka. Hata aina zenyewe bado zinabishaniwa. Mwaka 2023 watafiti wa ubongo walitangaza zaidi ya aina 3,000 za seli kwenye ubongo wa binadamu peke yake. Je, ni aina 3,000 kweli, au ni aina chache zilizokutwa katika hali tofauti, nyingine zimechoka, nyingine ziko kazini? Mimi naegemea upande wa wanaosema mpaka mkali hautapatikana, kwa sababu maumbile hayakuutia. Nyekundu na chungwa zipo kwenye upinde wa mvua, lakini hakuna aliyeona mstari unaozitenganisha.

Kazi hii haifanywi na kundi moja. Sweden walianza mwaka 2003 mradi wa Human Protein Atlas, unaofuatilia protini badala ya RNA. Serikali ya Marekani kupitia taasisi zake za afya ilianza kugharamia mradi wa HuBMAP mwaka 2018. Mwaka 2022 kundi jingine lilichapisha Tabula Sapiens, seli karibu 500,000 kutoka viungo na tishu 24 za watu 15. Fomu yako inaweza kutaja wowote kati ya hii, au mradi mdogo wa hospitali unaopeleka matokeo yake huko. Uliza ni upi.

Kwa nini wanataka sehemu yenye afya, si kinyama? Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kizima kilikuwaje. Vipande vya ugonjwa hospitali zimejaa. Vya afya ni adimu, kwani nani atakubali kupasuliwa ili atoe utumbo usio na ugonjwa? Kwa hiyo daktari wa upasuaji anapokata uvimbe na kuacha nafasi ya usalama kila upande, ule ukingo ni hazina. Si kamilifu, maana tishu ya jirani ya uvimbe haiko sawa kabisa na ya mtu asiye na uvimbe, na ndiyo sababu watafiti huchukua pia kwa watu waliofariki ambao familia zimeridhia. Vyote viwili vikilinganishwa, picha inanyooka.

Na utumbo huo huo unaoombwa ulikuwa umeficha kitu. Mwaka 2019 watafiti waliosoma seli moja moja za utumbo mpana walieleza kundi la seli ambalo hadubini haikuwa imelitenga: seli za kufyonza zenye alama za jeni ziitwazo BEST4 na OTOP2, zinazoonekana kuhusika na kuhisi hali ya uchachu. Kila mtu anazo, miaka yote tumezitazama, hatukuzijua. Mwaka 2024 wengine wakaunganisha seli milioni 1.6 za njia ya chakula, kuanzia mdomoni hadi chini, wakaonyesha seli zilizobadili utambulisho wake wakati wa ugonjwa wa kudumu wa utumbo kuvimba na kuwaka (si uvimbe kama kinyama chako), nazo zinaonekana kuchochea ugonjwa huo badala ya kuutuliza.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka mapafuni. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki fibrosisi, ambao ute mzito huziba mapafu. Jeni yake, CFTR, inajulikana tangu 1989, na ilidhaniwa kwa miaka kwamba inatumika hasa na seli za kawaida za njia ya hewa. Mwaka 2018 makundi mawili, kila moja kivyake, yakakuta kwamba sehemu kubwa ya maneno ya jeni hiyo hutamkwa na seli adimu ambayo haikuwa imetambuliwa mapafuni, wakaiita ayonosaiti. Haifiki hata seli mbili katika mia. Mwaka huo huo watafiti waliolinganisha saratani za figo na ramani ya figo za kawaida walikuta kwamba seli za uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, zinafanana na seli za figo ya mtoto aliye tumboni: seli zilizokwama njiani zikikua. Na mwaka 2020 UVIKO ulipoingia, ramani iliyokuwepo tayari iliwezesha kuonyesha ndani ya wiki chache kwamba seli za puani zina wingi wa milango ambayo kirusi hupitia.

Nimekupa mifano hii ili uone faida ni ya namna gani. Ni maarifa. Dawa hutoka baadaye, nyingine baada ya miaka mingi, nyingine hazitoki. Kwa hiyo ukisaini, usisaini ukitarajia wewe kutibiwa nayo. Fomu yoyote inayokuahidi hivyo, irudishe.

Kuna sababu nyingine ya wao kukuomba wewe licha ya kuwa na sampuli nyingi. Sehemu kubwa ya data ya mwanzo ilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Seli za kinga za mtu hubadilika kwa umri, jinsia, asili na mazingira yake; mradi wa Asia uliochapishwa mwaka 2025, uliosoma damu ya watu 619 kutoka nchi 5, ulionyesha hivyo wazi. Kipimo cha damu kilichowekewa viwango kwa kutazama watu wa aina moja kinaweza kumwita mgonjwa mtu mwenye afya wa aina nyingine. Sisemi hili kukubebesha deni. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe linanigusa, na usingekuwa uaminifu kulificha.

Turudi kwa mumeo. Kumbukumbu ya Henrietta Lacks haiwezi kuepukwa hapa. Mwaka 1951, huko Baltimore, seli za saratani yake ya mlango wa kizazi zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikaota maabara na zinaota hadi leo duniani kote. Mwaka 2013 mfuatano wa DNA ya seli hizo ulichapishwa bila familia yake kuulizwa, na mwaka huo huo yakafikiwa makubaliano na taasisi za afya za Marekani juu ya nani aruhusiwe kuutazama. Mambo haya yalitokea; anayeyaogopa hajawa mjinga. Tofauti yako na yeye ni hiyo karatasi uliyoishika. Wewe umeulizwa. Kwa hiyo isome.

Na hapa ndipo lile "kwa sehemu kubwa". Fomu nyingine huomba mambo mawili kwa saini moja: kusoma seli, na kuzikuza seli kuwa vijiumbo vidogo vya maabara viitwavyo oganoidi, ambavyo huiga utumbo na hutumika kujaribia dawa. Oganoidi haigeuki mtu, lakini ni seli zako zikiwa hai, na zinaweza kuhifadhiwa miaka. Tafuta maneno kama "kuotesha", "mstari wa seli", "oganoidi", "matumizi ya kibiashara". Fomu nzuri huyatenga, kila moja na kisanduku chake. Unaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili. Kuhusu kuuza: data za atlasi huwekwa wazi ili watafiti wote wazitumie, na hao ni pamoja na kampuni za dawa. Ikipatikana dawa, kwa kawaida mchangiaji hapati mgawo. Kama hilo linakukera, una haki ya kukerwa na kukataa.

Faragha ndiyo ningeiwekea uzito zaidi. Jina lako huondolewa na kuwekwa namba. Lakini RNA ni nakala ya DNA, hivyo ndani yake zimo herufi zako za kurithi, na herufi hizo haziwezi kufutwa jina kikamilifu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kwa kuunganisha data za DNA zisizo na majina na tovuti za nasaba zilizo wazi waliweza kuwatambua baadhi ya wachangiaji. Ndiyo maana miradi makini huachia wazi majedwali ya hesabu tu, yaani kila jeni imetamkwa mara ngapi, na ule mfuatano ghafi huufungia. Anayeutaka huomba, akasaini masharti. Uliza: mfuatano wangu ghafi utakaa wapi, na nani anaamua nani aingie? Uliza pia juu ya kujitoa. Unaweza kubadili nia na sampuli iliyobaki ikateketezwa, lakini data zilizokwisha kusambazwa hazirudi. Asiyekuambia hivyo hajakuambia yote.

Je, watakuambia wakigundua ugonjwa? Kwa kawaida hapana. Kazi hii huchukua miezi hadi miaka, maabara zake hazina idhini ya kutoa majibu ya wagonjwa, na kusoma seli elfu kadhaa za kipande kimoja si kipimo cha afya yako. Baadhi ya fomu zina kisanduku cha kuulizwa kama unataka kujulishwa, kisome. Nakusihi usije ukasema "hawakunipigia, basi niko salama". Majibu yako wewe yanatoka patholojia ya hospitali, yaani maabara inayochunguza vipande vya tishu za wagonjwa, na hayo uyafuatilie mpaka yaje mkononi. Hakikisha pia fomu inasema patholojia inachukua kwanza inachohitaji, na utafiti unapata kilichobaki. Isitolewe nyama ya ziada, hata kidogo, kwa ajili ya utafiti bila kuandikwa hivyo na wewe kukubali.

Kama ningekuwa mahali pako, na majibu ya maswali hayo yakaniridhisha, ningesaini ya kusoma seli na ningeiacha ya kuotesha mpaka nielewe zaidi. Hayo ni maoni yangu, dada, wala si dawa. Ukikataa zote, hujamkosea mtu. Utafiti halali unapaswa kuwa umepita kwenye kamati ya maadili, na moja ya masharti yake ni kwamba anayekataa atibiwe sawasawa na anayekubali. Ukihisi unasukumwa, au ukiombwa usaini ukiwa tayari kwenye machela, sema hapana, na simu ya kamati hiyo iwe imeandikwa kwenye fomu. Wiki tatu zinatosha. Omba nakala uende nayo nyumbani, omba muda wa kukaa na muuguzi wa utafiti, nenda na mumeo, mwache aulize mwenyewe.

Kabla ya tarehe hiyo, ukiona damu nyingi kwenye choo, maumivu makali ya tumbo, tumbo kujaa na choo kugoma, au kizunguzungu, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama katika ukoo wenu kuna zaidi ya mmoja aliyeugua saratani ya utumbo au ya nyumba ya uzazi, hasa akiwa hajafika miaka 50, mwambie daktari wako sasa, ili uonane na mtaalamu wa ushauri wa magonjwa ya kurithi. Hilo linaweza kubadili hata kiasi cha utumbo kitakachokatwa.

Mdogo wako naye nina neno kwake. Kinyama kikubwa chenye seli zilizobadilika, kwa mtu wa umri wako, ni sababu tosha ya ndugu wa tumbo moja kumuuliza daktari lini waanze kuchunguzwa utumbo. Ramani anayoisubiri haijafika, lakini kamera iliyokiona kinyama chako ipo. Mwambie aende.